Hesabu bila mwalimu: Bando unalo, ila nani atakusahihishia?

Kuna uongo mtamu ambao vidio za hesabu hutuambia sote. Umelala chali pale Nyalenda au Manyatta, simu kifuani, na jamaa wa YouTube anafungua mlinganyo hatua kwa hatua hadi anaipata x. Unatikisa kichwa: "Aah, kumbe ni hivyo tu!" Vidio inaisha, inafuata nyingine, halafu nyingine. Baada ya saa mbili bando limekata, nawe unajisikia kama mtu aliyesoma. Kesho yake unapewa swali lilelile kwenye karatasi tupu, na kalamu inagoma.

Hujageuka mjinga usiku mmoja. Ulichofanya jana ni kumtazama mtu mwingine akipiga hesabu. Ukikaa ufuoni Dunga mwezi mzima ukiwatazama wavuvi, utajua nyavu zao na saa zao za kutoka. Siku ukipewa kasia, mtumbwi utazunguka palepale.

Makala haya ni ya msee yeyote anayetaka kurudia hesabu bila darasa. Huenda ulimaliza Kidato cha Nne na D ya Hesabu. Huenda unataka kusomea programu au takwimu. Huenda mtoto wa dada yako anakuletea kazi ya shule na unajifanya uko bize. Mwalimu wa kukueleza yupo mtandaoni, tena bure. Mtu wa kukusahihishia ndiye huna, na hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Kwa nini ujisumbue?

Tuanze na karatasi. Ili usomee digrii Kenya unahitaji alama ya jumla ya C+ katika KCSE, na ukitaka uhandisi, Hesabu yenyewe lazima iwe angalau C+. Tangu KCSE ya 2023, alama ya jumla huhesabiwa kwa kuchukua Hesabu, lugha moja na masomo mengine matano uliyofanya vyema zaidi. Maana yake ni kwamba Kemia ikikuangusha unaweza kuificha nyuma ya somo lingine. Hesabu haifichiki.

Hata mfumo mpya wa CBE ulijaribu kuilegeza ikarudi. Mpango ulikuwa kwamba katika shule za sekondari ya juu, wanafunzi wasiochukua mkondo wa sayansi wangeweza kuiacha Hesabu. Watu walipiga kelele, na Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: ile nzito kwa walio kwenye mkondo wa sayansi, na nyepesi kidogo kwa wengine. Kwa hivyo mdogo wako wa Gredi ya 10 hana pa kutorokea pia.

Lakini tuachane na vyeti kwanza. Njoo Kondele Jumamosi, uone vijana wanavyopanga mikeka. Chukua mkeka wa mechi tano, kila moja ikiwa na odi ya 1.60, na tuseme kila timu kweli ina nafasi ya asilimia 60 ya kushinda. Moja moja, zote zinaonekana za uhakika. Sasa zidisha: 0.6 mara tano yenyewe kwa yenyewe ni takriban 0.078. Yaani mkeka wote una nafasi isiyofika asilimia 8. Ukiweka Sh100 na ushinde, unapata karibu Sh1,049. Zidisha malipo hayo kwa nafasi yako ya kushinda: ni kama Sh82. Kila mia unayoweka, kwa wastani Sh18 zinabaki kwa mwenye duka. Hiyo ni hesabu ya uwezekano ya Kidato cha Tatu, na hakuna mhubiri anayeweza kukueleza kamari vizuri hivyo.

Mkopo wa simu nao? Asilimia 8 kwa mwezi inasikika kama kitu kidogo. Ukikopa Sh1,000, usilipe kitu, na riba iendelee kuzaa riba, baada ya miezi 12 deni ni Sh1,000 mara 1.08 iliyozidishwa yenyewe mara 12. Piga kwenye kikokotoo: karibu Sh2,518. Deni limezidi mara mbili na nusu. Aliyekukopesha anaijua hesabu hiyo. Swali ni kama nawe unaijua.

Mimi niliacha chuo katikati. Karo ndiyo iliyoisha, hamu ilibaki. Takwimu ninazotumia leo kuandika nilizisoma nje ya darasa, na jambo moja nimeliona kwangu na kwa wenzangu: anayefika mbali si yule aliyepakua vidio nyingi. Ni yule aliyepata njia ya kujua amekosea wapi.

Ziwa lililijua hili mapema

Cheki miradi ya kujifunza iliyotoka huku kwetu kando ya ziwa, na utaona kitu kimoja kinajirudia.

Wa kwanza ni Eneza. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2011 kwa jina la MPrep, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Toni Maraviglia, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya elimu Muhuru Bay, kijiji cha wavuvi kule Migori, na Kago Kagichiri, Mkenya wa mambo ya teknolojia. Wakati huo simu ya kabambe ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu, na vidio ilikuwa ndoto. Walichofanya ni kutuma maswali kwa ujumbe mfupi. Unajibu A, B au C, na papo hapo simu inakuambia umepata au umekosa, na kwa nini. Baadaye huduma hiyo ilijulikana na wengi kama Shupavu 291 kwenye laini za Safaricom. Haikuwa na picha wala muziki. Ilikuwa na swali, jibu na masahihisho.

Wa pili ni Chuo Kikuu cha Maseno, kilomita 25 hivi kutoka mjini Kisumu, pale ikweta inapokata barabara ya kwenda Busia. Wahadhiri wa Hesabu walikuwa na madarasa ya mamia ya wanafunzi, na hakuna binadamu anayeweza kusahihisha madaftari mamia kila wiki. Tangu 2019 wamekuwa wakitumia STACK, programu huria iliyoanzishwa na Chris Sangwin, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwanafunzi huandika jibu lake la aljebra na mashine hulipima. Ukiandika x(x + 2) na mwenzako aandike x² + 2x, inajua kwamba mmesema kitu kimoja. Ukikosea, inaweza kukuonyesha ulipoteleza, kisha ikupe swali kama hilo lenye namba tofauti. Kunakili kwa jirani hakusaidii, kwa sababu jirani ana namba zake.

Hapohapo Maseno, mwaka 2011 ilianza kambi ya hesabu ya wanafunzi wa sekondari, ambayo huendeshwa na African Maths Initiative. Wiki nzima ya mafumbo, michezo, kompyuta na takwimu, watu wakibishana mezani. Wazo hilo baadaye lilifika nchi nyingine kama Ethiopia na Ghana.

Na sasa mjini tuna Zone01 Kisumu, inayofundisha uprogramu bila mwalimu wa kusimama mbele na chaki. Kazi yako hukaguliwa na wanafunzi wenzako, nawe unakagua yao.

Simu ya kabambe, mashine ya chuo, kambi, wanafunzi wenza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeweka nguvu zake zote kwenye kueleza. Waliziweka kwenye kusahihisha.

Hata Khan Academy, ambayo kila mtu huijua kwa vidio, haikuanza na vidio. Mwaka 2004 Salman Khan alikuwa akimfundisha binamu yake Nadia kwa mbali, mmoja akiwa Boston na mwingine New Orleans. Binamu walipoongezeka, aliwatungia programu ya kuwapa maswali na kumwonyesha nani amekwama wapi. Vidio za YouTube zilifuata 2006, na shirika likasajiliwa 2008. Ukiitumia Khan Academy kwa vidio tu na kuruka mazoezi, umekula maganda ukatupa ndizi.

Anza chini kuliko heshima yako

Watu wazima tuna kiburi. Mtu aliyemaliza Kidato cha Nne anataka kuanzia kalkulasi, eti sehemu na asilimia ni za watoto. Kisha anakwama kwenye kalkulasi, na kilichomkwamisha ni zile sehemu.

Jipime hivi. Chukua kitabu cha Hesabu cha Darasa la Saba au la Nane, chagua maswali kumi: sehemu, desimali, asilimia, namba hasi, uwiano. Yafanye bila kikokotoo. Mada utakayokosea ndiyo mlango wako, hata kama ni ya Darasa la Sita. Hakuna anayekuona.

Kuna makosa mawili ambayo hufuata watu hadi chuo. La kwanza: nusu ukijumlisha na theluthi, mtu anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata 2/5. Hebu fikiria chapati. Umekula nusu, ukaongeza theluthi, halafu mtu anakuambia umekula 2/5, ambayo ni chini ya nusu. Umeongeza ikapungua? Jibu ni 5/6. La pili: (a + b)² mtu anaandika a² + b². Weka namba uone. 3 na 4 ni 7, na 7² ni 49. Lakini 9 na 16 ni 25 tu. Zile 24 zilizopotea ni 2ab, yaani 2 mara 3 mara 4.

Umeona tulivyofanya? Hatukumuuliza mtu. Tulipima jibu kwa chapati na kwa namba ndogo. Huo ndio usahihishaji wa kwanza na hauli data. Kila ukipata jibu, jiulize: linaingia akilini? Ukirudisha x kwenye swali, pande mbili zinalingana?

Zana, na namna ya kulinda bando

Vidio: Khan Academy ndiyo pana zaidi kuanzia hesabu za msingi hadi kalkulasi, na programu yake ya simu hukuruhusu kupakua masomo utazame bila mtandao. Ukiwa YouTube, shusha ubora hadi 240p au 360p. Ubao bado unasomeka, na hauhitaji kuona nywele za mwalimu. Tafuta pia walimu Wakenya wanaofundisha kwa mtaala wa KCSE, kwa sababu wanatumia maneno unayoyajua. Mmarekani atasema "slope" pale mwalimu wako aliposema "gradient", na atakuletea maili na ratili. Hesabu ni ileile ila maneno yanaweza kukupotezea jioni nzima.

Kama Kiingereza ndicho kinachokuzuia, au unamfundisha mtoto, Ubongo Kids ya Tanzania imekuwa ikifundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili tangu 2014. Usione aibu. Kusikia mlinganyo ukielezwa kwa lugha unayoota nayo ni jambo lingine kabisa.

Vitabu: vile vya KLB vya sekondari, Kitabu cha 1 hadi cha 4, vina mazoezi mengi. Vilivyotumika huuzwa kwa bei ya chini na wauza vitabu kuukuu, na maktaba ya kitaifa mjini Kisumu ina meza, kimya na vitabu kwa pamoja. Kwenye intaneti, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa vitabu kamili bure, vya aljebra hadi takwimu. Pakua mara moja ukiwa na WiFi, vitakaa kwenye simu. Kwa grafu, GeoGebra na Desmos ni bure.

Sheria yangu ya bando ni rahisi: dakika 10 za vidio, dakika 30 za kalamu. Mwalimu akiandika swali, simamisha kabla hajalijibu, ujaribu kwanza. Vidio ikiisha, funga simu, uandike mfano wote upya bila kuchungulia. Ukikwama katikati, hapo ndipo somo lako lilipo. Rudia swali hilohilo baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Linauma, ndiyo. Lakini data inakaa muda mrefu.

Nani atakusahihishia?

Hapa kuna njia nne.

Kwanza, mitihani ya zamani pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Saiba yoyote mjini itakuchapishia. KCSE ya Hesabu ina karatasi mbili, kila moja alama 100 kwa saa mbili na nusu. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 likikula dakika 15, limekuibia. Usiangalie jibu la mwisho pekee. Mtahini hutoa alama za njia na alama za jibu, kwa hivyo mtu aliyekosea kujumlisha mwishoni bado anavuna. Jisahihishe kama mtahini: hatua hii ina alama, hii haina.

Pili, daftari la makosa. Nunua la Sh50, tofauti na la kazi. Kila kosa liandike kwa mistari mitatu: swali, nilichofanya, kilichotakiwa. Baada ya mwezi utagundua kwamba huna makosa mia. Una makosa sita yanayovaa nguo tofauti. Mmoja atajikuta kila mara anapoteza alama ya hasi akifungua mabano. Akijua hivyo, ameshapona nusu.

Tatu, watu. Wawili au watatu mnaokutana mara moja kwa wiki, iwe maktabani au kwenye benchi la kinyozi baada ya kazi. Kila mmoja alete swali alilolifanya na awaeleze wenzake. Ukishindwa kulieleza, bado hujalijua. Kumbuka hata Srinivasa Ramanujan wa India, ambaye hutajwa sana watu wakizungumzia kujifunza peke yako. Alipoteza ufadhili chuoni kwa sababu alijikita kwenye Hesabu akafeli masomo mengine. Alijinoa kwa kitabu kilichojaa matokeo bila maelezo mengi, akihesabu kwenye kibao cha mawe kwa sababu karatasi zilikuwa ghali. Lakini Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy wa Cambridge, kurasa za kazi yake. Alitaka jicho la pili. Kama yeye alilihitaji, sisi je?

Nne, mashine, kwa tahadhari. Programu kama Photomath hupiga picha swali na kukupa hatua zote. Akili bandia nayo itakueleza kwa upole saa nane za usiku. Zitumie baada ya kujaribu, si kabla. Ukimwonyesha mashine kazi yako na kuuliza "nimeteleza mstari gani?", unajifunza. Ukiuliza "jibu ni nini?", umerudi kule kule kwa vidio, ukitazama mwingine akipiga kasia. Tena akili bandia hukosea ikiwa na sauti ya uhakika kabisa, kwa hivyo rudisha jibu kwenye swali ulipime mwenyewe.

Ukiona uko tayari kurudia KCSE, KNEC husajili watahiniwa wa kibinafsi mapema kila mwaka. Ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kabla dirisha halijafungwa, na uanze mazoezi mwaka mmoja kabla, usingoje Agosti.

Hesabu iko nje ya dirisha

Kitu cha mwisho. Maswali ya vitabuni huchosha kwa sababu hayana mwenyewe. Tafuta yako. Kwa nini jua huchomoza Mombasa kabla ya Kisumu? Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Mombasa iko karibu na longitudo 39°40' Mashariki, Kisumu karibu na 34°45'. Tofauti ni kama nyuzi 5, kwa hivyo ni takriban dakika 20. Jamaa wa Likoni ameshaona jua nawe Kisumu bado uko gizani, na saa zenu zinasoma sawa. Hilo ni swali halali la Kidato cha Nne.

Au simama na mama muuza omena. Bei ya gorogoro ilikuwa Sh500, ikashuka kwa asilimia 20 samaki walipojaa, ikawa Sh400. Wiki iliyofuata ikapanda kwa asilimia 20. Wengi watasema imerudi Sh500. Haijarudi, iko Sh480. Sasa swali ni lako: kutoka Sh400, ingepaswa kupanda kwa asilimia ngapi ndiyo irudi Sh500? Usilitafute mtandaoni. Tafuta kalamu, na ukishapata jibu, mwonyeshe mtu wa karibu alikague.